Anayegonga Kifuani

Allah Ditta alikuwa ameziba pumzi kama alivyoagizwa, mashavu yamemvimba, macho yamemtoka, lakini mapafu yake kwenye kioo cha kompyuta yaliendelea kupumua.

Daktari Nuzhat Langrial alidhani ameona vibaya. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio wake, akaivaa tena. Mawingu mawili ya kijivu yalikuwa bado yanajaa na kupungua polepole, kama ya mtu aliyelala fofofo.

"Pumua, mzee," alimwambia mgonjwa, kisha akamgeukia Ijaz, fundi wa mashine. "Umeona?"

"Nimeona. Labda imeambukizwa pumu na wagonjwa wake," Ijaz alijibu. "Niizime niiwashe tena?"

Alizima, akawasha. Mashine ilikuwa mpya pale kliniki. Mgonjwa aliketi kifua wazi, akabandikwa mgongoni safu mbili za vinasa sauti vya mpira, mfano wa vikombe vya kuumika. Alipovuta pumzi, vinasa vilichukua mtikisiko wa hewa ndani ya mapafu na kompyuta ikaugeuza picha. Palipopita hewa palikuwa peusi. Palipoziba palibaki peupe. Katika majira yale, moshi na ukungu vikiwa vimeukalia mji wa Multan hata magari yanawasha taa adhuhuri, Nuzhat alikuwa haipumzishi mashine hiyo.

Safari hii pafu la kulia la Allah Ditta lilibaki jeupe pe. Nuzhat akavaa hedifoni asikilize. Alitarajia mluzi, ule mwembamba wa hewa inayojipenyeza mahali palipobana, na kweli aliusikia. Lakini nyuma ya mluzi palikuwa na kitu kingine, kizito, chenye mwendo wake.

Ko. Ko. Ko.

Mtu anagonga. Na pamoja na mlio ule ikaja harufu ya udongo unaochomwa, na ndani ya harufu hiyo, nguo ya pamba inayoungua.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Mnyapara, Daktari Sahiba. Kwenye tanuri la matofali la Malik Ghazanfar."

"Umemeza kitu? Mfupa, kokoto, jino la bandia?"

"Sijameza kitu. Nimebanwa tu. Nikilala najiona kama nimefunikwa."

Asubuhi iliyofuata Nuzhat alimteremshia mrija wa kamera kooni, akapita njia zote za hewa kubwa kwa ndogo, akazikuta safi kama sahani iliyooshwa. Eksirei nayo haikuonyesha kitu. Alasiri, wodini, mzee yule akaanza kukata roho mbele yake. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umejaa, barakoa iko usoni, dawa zote zimekwisha kuingia mshipani. Allah Ditta akainua mikono yote miwili, viganja vikitazama juu, akawa anasukuma hewa iliyokuwa tupu, anasukuma kwa nguvu hadi misuli ya shingo ikamsimama, kama mtu anayejaribu kuinua kifuniko kizito kutoka chini yake. Alikufa mikono ikiwa bado juu. Wauguzi walihangaika kuishusha.

*

Malik Ghazanfar mwenyewe aliingia kliniki kabla wiki haijaisha. Alikuwa pande la mtu, masharubu yamepakwa hina, shali ya sufu begani. Nyuma yake alimkokota mwanawe Sibtain, kijana aliyeoa mwaka ule ule, akipumua kwa mluzi uliosikika tangu ngazini.

"Nasikia wewe unapiga picha sauti," Malik alisema, akajitupa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Kesho utapiga picha harufu. Haya, mpige huyu, nataka kurudi kazini."

"Mwanao na mnyapara wako Allah Ditta walikuwa wanakaa karibu?" Nuzhat aliuliza. "Inawezekana kuna vumbi mnalovuta wote."

"Vumbi nimelivuta miaka arubaini, Daktari. Halijawahi kuniambia hata nipishe."

Ijaz alimbandika Sibtain vinasa. Kijana akavuta pumzi. Kwenye kioo pafu la kulia halikutokea kabisa. La kushoto lilitokea nusu, likafifia. Kisha katikati ya mawili hayo, mahali ambapo picha haitakiwi kuwa na kitu, likatokea wingu la tatu. Lilianzia chini, likapanda taratibu, jembamba, jeusi kuliko mapafu yenyewe, likawa na mabega.

Safari hii Ijaz alirudi nyuma badala ya kutania.

Nuzhat alivaa hedifoni. Ko, ko, ko, ile ile. Halafu kugonga kukakoma, na ndani ya ukimya ule akasikia mtu akivuta pumzi karibu kabisa na sikio lake, pumzi kavu yenye majivu, na sauti ya mwanamke aliyekauka koo ikasema:

"Fungua."

Alivua hedifoni kana kwamba zimemchoma. Ijaz akaziokota, akazisogeza sikioni, akazirudisha mezani. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Sibtain aliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine. "Mmemsikia," alisema kwa kunong'ona. "Abba, hata wao wamemsikia."

"Nyamaza!" Malik alinguruma.

"Malik Sahib, subiri nje," alisema Nuzhat.

"Mimi?"

"Wewe. Ukitaka mwanao apone, toka nje."

Mlango ulipofungwa, Sibtain alizungumza haraka haraka, akikatizwa na pumzi, kama mtu anayeogopa maneno yatamwishia kabla ya hewa.

"Anaitwa Bakhtawar. Alikuwa juu ya tanuri anatia makaa kwenye matundu. Paa likabonyea, akazama. Hakuangukia motoni, Daktari Sahiba. Moto ulikuwa bado mbali, unakuja upande wake. Aliangukia kwenye uwazi kati ya matofali, mguu umevunjika, anatuita kwa majina. Allah Ditta alitaka kuteremsha kamba. Baba akasema hapana, shimo likiachwa wazi moto utapotea na mchomo wote utaharibika. Akasema zibeni."

"Nani aliziba?"

"Allah Ditta alileta udongo." Kijana alikitazama kiganja chake. "Kifuniko nilisukuma mimi."

Nuzhat aliona vigumu kuuliza, akauliza. "Akafanya nini?"

"Akagonga. Aligonga mpaka moto ulipomfikia." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Ile sehemu haijafunguliwa hadi leo. Baba aliwaambia watu katoroka na dereva wa lori. Mumewe, Ramzan, yuko pale pale anafyatua matofali, na wenzake wanamdhihaki kwa nyimbo za lori kila akipita. Hata mama yake Bakhtawar amekataa kutajiwa jina lake."

"Twende polisi."

"Polisi wa kule wanakunywa chai barazani kwetu kila Ijumaa."

*

Jioni Malik alimleta mtoa majini. Qalandar Bakhsh alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe na koti la kizungu lililochakaa, na jina lake lilijulikana hadi ng'ambo ya mto Chenab. Alimfukiza Sibtain udi kitandani, akamsomea, akamtemea mate ya dua kifuani. Kijana alizidi kuwa wa buluu midomoni.

"Nataka kumsikia," alisema mzee. "Daktari, nasikia chombo chako kinamsikia."

Wakamsukuma Sibtain kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye mashine. Nuzhat alimwambia Ijaz aitoe sauti kwenye spika, wote wasikie, na Malik akabaki kasimama mlangoni mikono imefumbatwa. Wingu la tatu halikusubiri kijana avute pumzi. Lilikuwepo tayari. Umeme ulikatika, kama kawaida ya jiji lile, feni ikazubaa, taa zikafa, kila kitu kikazima isipokuwa kioo kile na spika yake, ambavyo havikuwa na betri wala waya mwingine wowote, na katika mwanga wa kijivu wa kioo wakaona mabega yakiongezeka shingo, na shingo ikaongezeka kichwa kilichofungwa kitambaa kama wanavyofunga wanawake wa matanuri, na harufu ya pamba inayoungua ikajaa chumbani hadi Ijaz akaziba pua kwa kola ya shati, na kugonga kukaanza, si kwenye spika tu sasa bali chini ya sakafu, ndani ya kuta, kwenye miguu ya viti walivyokalia.

"Kwa jina la Aliyekuumba," Qalandar Bakhsh alisema, "wewe ni nani?"

"Mimi ni wake," spika ikajibu. "Nilizaliwa naye. Alipocheka nilicheka. Alipoungua niliungua, ila mimi ni wa moto, sikwisha."

Mzee alishusha tasbihi. "Ni qarini," aliwanong'oneza. "Jini pacha. Kila mtu anazaliwa na wake. Mwenyewe akifa kwa haki, pacha huondoka. Akidhulumiwa..." Akainua sauti. "Unataka nini, binti?"

"Fungua."

"Ukifunguliwa?"

"Kijana alilia aliposukuma. Nilimsikia. Akifungua kwa mkono wake, nitamwachia." Ko, ko, ko. "Mwingine hakulia."

Macho yote yalimgeukia Malik. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka kwenye paji, lakini taya alikuwa amelikaza.

"Michezo ya umeme hii," alisema. "Mzee, mfukuze, basi. Ndiyo kazi niliyokuitia."

"Namfukuza aliyevamia, Malik Sahib. Huyu hajavamia. Huyu anadai haki yake, na mimi sina aya ya kumnyima mtu haki yake." Qalandar Bakhsh alikuwa anavaa viatu. "Nenda ukamfungulie. Mtoe, mwoshe kama kuna cha kuoshwa, mzike, na umuombe mumewe radhi mbele za watu."

"Nikifungua pale, kesho niko jela."

"Abba," Sibtain alisema, na neno moja lile lilimchukua pumzi tatu. "Abba, nakufa."

Malik alimtazama mwanawe. Nuzhat alidhani sasa atalainika, kwa sababu kidevu kilimtikisika. Halafu mtu yule akajifunga shali yake.

"Wagonjwa wanapona Lahore," alisema. "Kesho nitampeleka Lahore."

*

Safari ya Lahore haikusubiriwa. Alfajiri, mara tu baada ya adhana, Nuzhat alimkuta Sibtain ukumbini, mtungi mdogo wa oksijeni umefungwa kwenye kiti chake cha magurudumu, anajaribu kujisukuma kuelekea ngazini.

"Unakwenda wapi?"

"Kufungua."

Angeweza kumrudisha kitandani, na kitabu cha udaktari kingemuunga mkono. Lakini alikuwa amekwisha kumwona mtu mmoja akifa huku anainua kifuniko kisichoonekana. Akamwita Ijaz, wakamwingiza kijana kwenye gari la daktari, wakaondoka mjini taratibu, ukungu mzito mbele yao kama ukuta wa chokaa.

Tanuri lilikuwa linafuka moshi. Wafanyakazi walikuwa wamechutama wanakunywa chai, na walipomwona mtoto wa Malik akiteremshwa na daktari mwanamke, wakasimama. Sibtain alionyesha kwa kidole mahali palipokandikwa udongo, upande uliokwisha kupoa zamani, akaomba sururu.

Alipiga pigo la kwanza, akaanguka. Ijaz alitaka kumsaidia.

"Acha," Nuzhat alimzuia. "Amesema mkono wake."

Kijana akapiga tena akiwa amepiga magoti. Na kila alipopiga, kitu fulani chini kilijibu, pigo kwa pigo, na wafanyakazi wakaanza kurudi nyuma wakitaja jina la Mungu. Mwanamume mmoja mwembamba, mwenye udongo hadi viwikoni, ndiye pekee aliyesogea mbele.

"Nini kiko humo, Bwana mdogo?" aliuliza.

Sibtain alimwinulia macho. "Mkeo, kaka Ramzan. Hakwenda popote. Tulimfunika sisi."

Ramzan alipiga magoti mkabala na kijana yule, akawa anaondoa kwa mikono yake kila tofali lililolegezwa na sururu. Malik alifika wakati huo, gari lake likirusha changarawe, bastola mkononi. Aliwatukana mama zao wote. Hakuna aliyempisha. Walisimama bega kwa bega, wanaume kwa wanawake, na yeye akazunguka nyuma akapanda juu ya tanuri ili awafikie kwa upande ule.

Tofali la mwisho likatoka. Hewa ilitoka shimoni kwa mkupuo, ya moto, kama pumzi iliyokuwa imezuiliwa tangu siku ile, ikampiga Sibtain usoni. Akakohoa, akakohoa tena, akatema donge la udongo uliochomwa ukubwa wa kokwa la tende. Kisha akavuta hewa, ndefu, bila mluzi. Chini, mahali pembamba kati ya matofali, ilikuwapo mifupa myeupe kama chokaa, imejikunja, mikono iko juu ya kichwa.

Ramzan alivua shali yake, akaitandika chini. "Bakhtawar," alisema, "watu walisema umeniacha."

Hapo ndipo wote waliposikia mluzi. Ulitoka juu ya tanuri.

*

Nuzhat alimrudisha Malik mjini kwa gari lile lile, kwa sababu alikuwa daktari na mtu alikuwa anakata roho. Njiani bastola ilidondoka miguuni na mwenyewe hakuiokota. Alikuwa ameshika koo.

Kliniki hawakupoteza muda na picha. Nuzhat alimpa dawa ya usingizi, akamteremshia mrija wa kamera, na kioo kikamwonyesha njia ya hewa ya waridi, yenye afya, pana. Akasukuma mbele. Mbele, chini kidogo ya koo, palikuwa na tofali.

Lilikuwa dogo kama punje ya mchele, la udongo mbichi, limewekwa vizuri ubavuni mwa njia ya hewa. Alipokuwa bado analitazama, likawekwa la pili. Hakuona mkono. Aliona tofali likitokea, likikandamizwa, na udongo ukipakwa juu yake na kitu laini chenye upana wa ncha ya kidole, bila haraka, kwa ufundi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Nuzhat aliingiza koleo la mrija, akavunja, akavuta, akanyonya tope kwa pampu, na kila alipoondoa moja yalipangwa mawili, na Ijaz aliyeshika mtungi alikuwa anasoma dua kwa sauti inayokatika, na vinasa sauti vilivyokuwa vimetundikwa ukutani, visivyomgusa mtu, vilikuwa vimewasha kompyuta vyenyewe na kutoa sauti ya mwanamke akihema kwa kazi, akiguna kidogo kila anapoinua tofali, kama wanavyoguna wote walioinama kutwa kwenye tope. Mlio wa ko, ko, ko haukuwapo tena. Safari hii aliyegonga alikuwa Malik, visigino vyake vikipiga kitanda cha chuma.

"Bakhtawar," Nuzhat alisema, hajui kama anaomba au anauliza tu. "Inatosha."

"Hakusema inatosha," spika ikajibu.

Tofali la mwisho likawekwa. Ukuta ukapakwa udongo, ukalainishwa, na katikati yake ikabaki alama ya kiganja kidogo, vidole vitano vimetanuliwa. Visigino vikatulia.

Alipopitisha kamera mara ya mwisho, baada ya kuandika saa ya kifo, njia ya hewa ilikuwa wazi na safi. Hapakuwa na kitu cha kuwaonyesha ndugu. Kwenye cheti alijaza kifo cha kubanwa pumzi, na hilo halikuwa uongo. Alinawa mikono muda mrefu, akijitafutia huzuni kwa ajili ya yule mtu. Hakuipata, na jambo hilo ndilo lililomtisha kuliko ukuta.

Bakhtawar alizikwa Ijumaa ile. Mama yake alikuja, akalibusu kaburi, akamwomba radhi. Walioimba nyimbo za lori walibeba jeneza kwa zamu, na Ramzan hakumzuia yeyote. Sibtain alikwenda mwenyewe Multan mjini, kwenye kituo ambacho polisi wake hawakunywa chai ya baba yake, akaeleza kila kitu, akafungwa. Qalandar Bakhsh alipopita kliniki kuuliza habari, alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba pacha sasa ameridhika, ameondoka.

Nuzhat alimwamini. Aliendelea na kazi, Ijaz akarudia mizaha yake, msimu wa moshi ukapita, joto likaja.

Mwanzoni mwa mavuno ya ngano aliingia mgonjwa kutoka ng'ambo ya Chenab, upande wa Muzaffargarh, bwana mnene mwenye pete za feruzi, mwenye tanuri lake huko. Hakuwahi kumsikia Malik Ghazanfar. Alilalamika tu kwamba kifua kinambana, na kwamba akilala anajiona kama amefunikwa.

Ijaz alimbandika vinasa. Bwana yule akaziba pumzi alipoambiwa. Kwenye kioo mapafu yake yaliendelea kupumua, na kati yake likaanza kupanda wingu la tatu, dogo mno kuliko lile la kwanza, la mtoto wa miaka sita au saba.

Ijaz alimtazama daktari. Nuzhat hakugusa hedifoni. Alivuta kiti, akaketi karibu kabisa na mgonjwa, akamshika mkono kama anayempima mapigo.

"Niambie kabla hujashindwa kusema," alimwambia kwa upole. "Umemfunika mtoto wa nani?"